Njia Iliyofagiliwa Kila Siku

Nasimulia, na mwenye kubisha angoje nimalize. Somoe, binti wa miaka kumi na mitano, aliingia ndani ya kichwa chake mwenyewe mchana kweupe, miguu mitupu, mikono imejaa udongo mbichi hadi viwikoni. Msiniambie alikuwa anaota. Watu wakisikia jambo wasilolielewa hukimbilia kusema ni ndoto, wakajifunika shuka, basi, habari imekwisha. Somoe alikuwa macho, tena alikuwa na hasira, na mwenye hasira halali.

Hasira yenyewe ilianza hivi. Katika nyumba yao bi harusi hatoki kwenda kwa mumewe bila mtungi mpya wa maji uliofinyangwa hapo hapo uani. Mitungi hiyo yote ilikuwa kazi ya Bibi Siwema, mama yake mama, mwanamke mwenye kidole gumba cha mguu kilichopinda kutazama nje. Bibi hakuuzungusha mtungi hata siku moja. Mtungi ulikaa palepale juu ya gae kuukuu la chungu kilichovunjika, yeye ndiye aliyezunguka, ameinama, akirudi kinyumenyume, mkono mmoja ndani na mmoja nje, nyayo zikisugua ardhi: kwacha, kwacha, kwacha. Sauti ile ikifika jikoni, mama yake Somoe aliita bila hata kugeuza shingo, "Mama, chai tayari!" Bibi akajibu, "Nakuja," na haji mpaka chai imepoa.

Alimfundisha mtu mmoja tu, mjukuu wake huyu, kuanzia miaka sita mpaka kumi na moja. Kisha akafa. Siku ya pili baada ya maziko Somoe alichukua ufagio akalifagia banda la ufinyanzi mpaka likang'aa, akazifunga zana kwenye kanga ya Bibi, akaketi mlangoni. Tangu hapo alifagia kila asubuhi kwa miaka minne, na mdogo wake akisogeza tu unyayo kizingitini, alipigiwa kelele: "Usikanyage!" Hata yeye mwenyewe hakuingia kufinyanga. Alisema anapatunza.

Asubuhi ile mama yake akamwambia, "Somoe mwanangu, mama yako mdogo anaolewa mwezi ujao. Mtungi wake utaufinyanga wewe."

"Mimi, mama?"

"Sasa nani? Bibi yako alimfundisha paka?"

Akafungua kanga. Akaukanda udongo, akaweka donge juu ya gae, akainama. Mikono ikatulia juu ya udongo kama wageni wasiojua choo kiko upande gani. Hapo ndipo palipokuwa na kitu, na sasa hapana kitu. Alijaribu kulia, akajaribu kushoto, donge likalala upande. Mama yake akachungulia akasema kwa upole kabisa, "Hivyo sivyo, mama." Basi! Somoe akalirusha donge ukutani, akamtolea mama yake maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi, na kabla hayajamaliza kutoka alikwisha kuyajutia. Mama akarudi jikoni polepole. Somoe akachuchumaa, akafumba macho, akaanza kutafuta ndani ya kichwa alikokiweka kile alichofundishwa. Alitafuta kwa uchungu wa mtu aliyepoteza kitu ambacho ni yeye peke yake duniani aliyekuwa nacho. Akatafuta, akazama, akaingia.

Kulikuwa na mji.

Kulikuwa na mji, na ilikuwa saa nne ya asubuhi, na saa nne ile haikusogea. Jua lilisimama mahali pamoja kwa miaka. Mji ule haukuwa na ukuta wala mwisho. Kila palipokuwa na nafasi ya kupita, palikuwa na njia, na kila njia ilizaa vichochoro, na vichochoro vilizaa vijia vya upana wa kiganja, vingine vikipanda juu ya mapaa, vingine vikipita chini ya vitanda, vikikutana, vikiachana, vikirudiana. Somoe alijaribu kuzifuata kwa macho akashindwa kabla hajafika kona ya pili. Kila kitu alichowahi kukigusa kilikuwa na njia yake humo. Kulikuwa na njia ya harufu ya godoro lililolowa. Kulikuwa na njia ya uso wa mwanamke aliyemwona mara moja, dirishani, akila ndizi. Ya Rabi, alisema moyoni, vyote hivi nimevibeba mimi, na juu yake ninafunga kilemba na kwenda dukani kununua chumvi?

Akatembea. Kila alipopinda kona umri wake ulipinda naye. Katika kichochoro kimoja alikuwa na miaka mitatu, magoti yanawasha kwa vumbi. Katika kingine kivuli chake ukutani kilikuwa cha mwanamke mzima mwenye mtoto mgongoni, naye akakiamkia kwa adabu, kivuli kikaitikia. Hakuogopa. Ukiona kitu kikubwa kiasi kile, woga nao unakosa pa kukaa.

*Ni nani aliyemo? Huyu anayetembea ni mimi, na anapotembea ni mimi pia. Mguu ni mimi, na vumbi ni mimi. Basi anayeshangaa ni nani?*

"Ebo! Wewe binti, unasimama katikati ya kazi!"

Aliyesema alikuwa mwanamume mfupi aliyevaa gunia lililokatwa mikono, ameviringisha kamba ya kumbi begani, macho yake yakitazama chini muda wote. Nyuma yake lilikuwepo kundi la watu wenye majembe.

"Shikamoo," alisema Somoe.

"Marahaba. Naitwa Songoro, ni mnyapara wa wafunga njia. Sasa sogea."

Somoe akasogea. Songoro akachuchumaa kwenye mdomo wa kichochoro, akatazama vumbi kama mtu anayesoma barua, akasimama, akafunga kamba kuvuka njia. Watu wake wakaingia na majembe. Kitambo kidogo tu hapakuwa tena na kichochoro, palikuwa na ardhi tupu, tambarare, iliyotulia. Wakahamia kinachofuata. Somoe alipoinua macho aliona kamba nyingine, na nyingine, mpaka upeo wa macho, na makundi mengine kama lile, elfu kwa elfu, yote yakichuchumaa na kutazama vumbi. Mji mzima ulikuwa unabomolewa.

"Mnaniua!" alipiga kelele.

"Tunakujenga," alisema Songoro bila kumtazama. "Ulipokuwa mtoto ulifungua njia kwa kila kitu. Kuku akilia, njia. Jani likianguka, njia. Vizuri, ndivyo watoto wanavyotakiwa kuwa. Lakini mji wenye njia kila mahali, binti, hakuna anayefika popote. Tulipita mara ya kwanza ulipokuwa mdogo sana, hukutuona. Hii ya sasa ndiyo kazi kubwa."

"Na mnajuaje ipi ya kufunga?"

"Tunatazama nyayo. Yenye nyayo tunaiacha, isiyo na nyayo tunaifunga. Hatuulizi zaidi ya hapo."

"Pisha! Pisha, mafuta ya moto!" Wanawake sita walikuja kwa mwendo wa haraka, kila mmoja na sufuria kubwa kichwani, wakicheka na kusukumana. Walifika kwenye njia iliyoachwa wazi, iliyokanyagwa mpaka ikawa ngumu, wakamimina mafuta meupe mazito na kuyapaka kwa viganja toka mwanzo mpaka mwisho. Njia ikawa nyeupe. Somoe akaona neno likipita juu yake, neno moja dogo la salamu alilolisema kila siku maishani. Lilipita kwa kasi hata hakuona lilikoanzia, aliona tu limefika. Akashika mdomo. Zamani neno lile lilikuwa linakwenda kwa mguu, linapumzika, linauliza njia.

"Wameanzia nyuma ya mji," alisema Songoro, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na kitu cha kujisifu. "Wanakuja mbele taratibu. Mbele ndiko kwa mwisho."

Akamwonyesha. Mbele kabisa ya mji, nyuma tu ya paji la uso, ilisimama nyumba kubwa kuliko zote, na nyumba ile haikuwa imekwisha. Miti ya mafundi ilikuwa bado imefungwa kuizunguka. Ukumbi haukuwa na paa. Ndani ya ukumbi palikuwa na kigoda kimoja, kitupu. Juu ya miti alikaa mwanamke fundi, uso wote umepakwa chokaa hata sura haijulikani, akipiga mluzi.

"Wewe ndiye uliyetupigia ngoma asubuhi!" alisema fundi alipomwona, akicheka. "Masikio bado yanalia."

"Ngoma gani?"

Fundi akaelekeza mwiko chini, kule ndani kabisa katikati ya mji, kwenye ngoma pana iliyokuwa bado inatetemeka. Karibu yake kulikuwa na uwanja uliojaa taa, nazo taa zilikuwa zinang'aa ajabu, kwa sababu wakati ule ule, nje, mtaani, sauti za wenzake wa shule zilisikika zikipita nyuma ya ua. Zilipokaribia, taa zikawaka mpaka macho yakauma. Zilipokwenda, zikafifia.

"Mama yako alisema neno," alisema fundi. "Neno likafika ngomani kwanza, kule ni karibu. Ngoma ikalia. Huku kwangu lilifika umekwisha kurusha udongo. Tungekuwa tumemaliza, kungekuwa na mtu amekaa juu ya kile kigoda, akasema, ngoja kidogo. Neno moja tu hilo."

"Mtamaliza lini?"

"Miaka kumi hivi."

"Kumi!"

"Una haraka ya wapi? Nyumba ya kukaa maisha yote." Akarudia mluzi wake, na Somoe hakuwahi kusamehewa kitu kwa namna ile. Kumbe hakuwa mbaya. Alikuwa hajamalizwa tu.

Akakitazama kigoda kile kitupu kwa muda mrefu. Mji wa ukubwa huu, wenye wajenzi wasiohesabika, na hakuna mtu aliyeketi. Wanafunga, wanafungua, wanapaka, wanapandisha kuta, na hakuna anayepaza sauti ya amri. Nani aliwaita? Nani aliwaambia kwamba mwaka huu ndio mwaka? Ni nani mwenye mamlaka ndani ya mtu, iwapo mtu mwenyewe akiingia anaambiwa asogee?

"Mzee Songoro, hapa anatawala nani?"

"Miguu," alisema Songoro. Akaiweka sawa kamba begani. "Haya, nina njia moja nyuma ya kilima ya kufunga kabla akina mama wa mafuta hawajafika. Nashangaa tumeichelewesha. Haina hata unyayo mmoja."

Walikwenda pamoja. Somoe aliijua kabla hawajaifikia, akaijua kwa harufu, harufu ya udongo uliomwagiwa maji. Ilikuwa njia nzuri kuliko zote mjini. Haikuwa na jani, haikuwa na kijiti, vumbi lake lilikuwa na mistari myembamba iliyolala sawasawa, mistari ya ufagio. Na kamba ilikuwa tayari imekwisha kufungwa upande mmoja.

"Hapana," alisema. "Hapana, hapana, hapana. Hii usiiguse. Hii ndiyo naipenda kuliko zote humu!"

"Mapenzi mimi siyaoni. Mimi natazama vumbi."

"Ni njia ya Bibi yangu! Naifagia kila siku! Miaka minne, kila asubuhi, sijaacha hata nikiwa na homa!"

Songoro akainua macho. Ilikuwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa ya mtoto mdogo, na uso uliokuwa umechakaa ulikuwa sasa laini, kisha ukazeeka tena. Akakaa chini kwenye vumbi, kitu ambacho mnyapara hafanyi mbele ya watu wake.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Miaka minne tunapita hapa. Kila tukipita tunakuta pasafi. Tunaambiana, hapa hapiti mtu. Kwenye orodha ya kufunga tukaiandika ya kwanza."

Somoe akaitazama mistari ya ufagio.

*Nilifagia ili asiondoke. Nilikuwa natoa jani, natoa kijiti, natoa unyayo wa mdogo wangu, natoa unyayo wangu. Nilidhani uchafu ndio utakaomfuta. Niliwafukuza wote. Nilijifukuza na mimi. Niliogopa nikifinyanga vibaya nitaharibu alichoniachia, nikakiacha mahali pasafi, nikasimama mlangoni na ufagio kumlinda, na ni mimi, ni mimi, ni mimi niliyekuwa namfuta.*

"Pisha! Mafuta!" Sauti za wanawake zilikuwa zinapanda kilima.

"Wakifika hapa wasione unyayo, njia hii imekwisha," alisema Songoro kwa sauti ya chini. "Mji haungoji. Lakini kamba nimefunga upande mmoja, na mimi mkono wangu unauma, naweza kuchelewa kidogo kufunga wa pili. Pita."

Akapita. Hatua ya kwanza ilimuuma kama kumkanyaga mtu. Akatazama nyuma akaona unyayo wake katikati ya mistari ya ufagio, akataka kurudi kuufuta. Mkono ulikwisha kunyooka kutafuta ufagio. Akauvuta mkono. Akaenda. Njia ilikuwa fupi kuliko alivyoikumbuka, na alipofika mwisho wake alikuta mahali ambapo ufagio wake haukufika hata siku moja, kwa kuwa miaka yote minne alifagia tu, hakuthubutu kuinama kufinyanga.

Palikuwa na gae kuukuu juu ya ardhi. Kulizunguka gae palikuwa na duara la nyayo, zimechimbika, zimerudiwa juu ya nyayo nyingine, na kila unyayo wa kulia ulikuwa na kidole gumba kilichopinda kutazama nje.

Alikuwepo. Ee Mungu wangu, alikuwepo, alikuwa amekaa humu muda wote. Somoe alipiga magoti akaweka kiganja ndani ya unyayo mmoja, na udongo wa humo ulikuwa na baridi ya asubuhi. Nyayo zile ndizo zilizobaki duniani. Nyumbani zilikwisha kufagiliwa siku ya pili baada ya maziko, na aliyezifagia anajulikana.

Mafuta yalikuwa yamefika mwanzo wa njia. Alisikia Songoro akikohoa, akijifanya anatafuta ncha ya kamba.

Na alielewa kinachotakiwa, hakuhitaji kuambiwa na mtu. Gae lilikuwa katikati, udongo ulikuwa mikononi mwake tangu alipoingia. Hapakuwa na namna ya kuzunguka gae lile bila kukanyaga duara lile. Akikaa anazitazama, zitafungwa pamoja na njia, asipate hata mmoja wa kutazama. Akizunguka, atazifuta kwa miguu yake mwenyewe, moja baada ya nyingine, na safari hii atakuwa anajua anachokifanya.

"Nisamehe, Bibi," alisema kwa sauti.

Akaweka donge juu ya gae. Akainama. Akageuza mgongo kule alikokuwa anakwenda, akashusha mguu wa kulia ndani ya unyayo wa Bibi Siwema, na unyayo ule ukamwenea. Kisigino kwa kisigino. Alipokuwa na miaka sita alikuwa akiruka kufuata hatua zile; sasa hakuruka. Akarudi hatua moja nyuma. Akarudi ya pili. Mkono mmoja ndani, mmoja nje, na mikono, ile mikono iliyokaa kama wageni asubuhi, ikashtuka, ikauliza kitu, ikajibiwa na miguu. Udongo ukaanza kupanda. Ulipanda umeegemea upande, ulikuwa na kovu kubwa kiunoni, ulikuwa mbaya, ukipanda. Machozi yalimdondoka ndani ya mtungi, akayafinyanga humo humo. Alipomaliza mzunguko wa kwanza kidole kilichopinda hakikuonekana tena. Wa tatu, hapakuwa na unyayo mwingine isipokuwa wake.

"Nyayo za nani hizi?" iliita sauti ya Songoro, sauti ya kazi, ya kusikika na watu wake.

"Zangu!"

Akaisikia kamba ikianguka chini, na wanawake wakicheka, na ubaridi wa kitu cheupe kizito ukija njiani taratibu, hatua kwa hatua, ukimfuata kisigino.

Hakujua alitoka saa ngapi ndani ya mji. Huenda hakutoka. Alijua tu kwamba gae lilikuwa gae la bandani, na donge lililokuwa limegonga ukuta lilikuwa limeacha alama pale ukutani, na mbele yake ulisimama mtungi usiofaa kwa harusi yoyote, na kuna mwezi mzima wa kufinyanga mingine. Sakafu ya banda, iliyokuwa safi kwa miaka minne, ilikuwa imechafuka vibaya. Aliendelea kuzunguka, ameinama, akirudi kinyumenyume, nyayo zikisugua ardhi: kwacha, kwacha, kwacha.

Jikoni, mama yake, ambaye alikuwa bado na kinyongo chake, alikuwa anamimina maji kwenye birika. Aliita bila kugeuza shingo:

"Mama, chai tayari!"

Birika likagonga meza. Halafu jikoni pakanyamaza kabisa, kimya cha mtu aliyejisikia akisema neno na sasa amesimama, mkono mdomoni, anasikiliza uani.

Somoe hakusimama.

"Nakuja," alijibu.